Namba Tano Haijakauka

Jumatatu, 3 Machi

Ishirini. Ofisi ya ligi imekataa kuongeza hata jina moja. Nimepiga simu mara mbili. Mara ya pili karani akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba sauti yangu ameshaizoea na jibu ni lile lile: daraja la juu ni wachezaji ishirini, fomu ifike Jumatatu ijayo kabla ya saa sita mchana, asiyeleta asahau msimu.

Mimi ninao ishirini na wanne. Wanne waondoke.

Watatu ninawajua, na sina ugomvi na nafsi yangu. Wa nne namjua pia — namjua kuliko hao wote. Ndiyo maana niko hapa stoo saa ya chai, makopo ya rangi kulia, makopo ya rangi kushoto, chai inapoa na mimi naandika.

Wa nne ni Wifi.

Haya, nimeliandika. Limekaa kwenye karatasi na dari halijaanguka.

Nahodha wangu. Beki wa kati, jezi namba tano. Dada wa mume wangu, chumba chake kile cha uani, mlango wake unatazamana na mlango wa jikoni kwangu. Timu hii aliianzisha yeye, wasichana saba na mpira mmoja uliokuwa unajazwa upepo kila baada ya dakika kumi. Mimi mpira nilikuwa naujua wa redioni tu, yeye ndiye aliyenivuta mkono mpaka uwanjani. Nilipokwenda kozi ya ukocha, miezi mitatu, nani alilala na wanangu? Mdogo aliumwa surua na mimi niliambiwa ameshapona ndipo nikajua kwamba aliumwa.

Goti lake limekwisha. Yeye anasema ni baridi. Baridi gani hiyo ya kumshika mtu kwenye jua hili.

Kengele ya stoo. Narudi kwenye makopo.


Jumanne, 4 Machi

Tumepigwa tatu bila. Kirafiki, ndiyo, lakini kipigo ni kipigo.

Mabao yote matatu ni bao moja lililorudiwa. Sisi tunacheza mtego wa kuotea, ndio ujanja uliotupandisha daraja. Mabeki wanne, mstari mmoja. Wifi akipaza sauti "Panda!" wote wanne wanapiga hatua mbele kwa pamoja, mshambuliaji wa watu anabaki peke yake nyuma yetu, ameotea, kibendera juu. Rahisi. Ila mmoja tu akichelewa kupanda, mtego umekufa na sisi tumekufa nao.

Leo Wifi amesema panda. Watatu wamepanda. Yeye amebaki.

Si kwamba hakutaka. Nimemkazia macho kipindi chote cha pili: mdomo umeshasema, mguu bado unaomba ruhusa kwa goti. Hatua moja na nusu, basi. Mara tatu.

Na yeye hajui! Hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Yeye macho yako kwenye mpira. Mambo yakiharibika, Kiberiti — beki wa kulia, binti wa saluni, mwenye mbio kuliko sote — anageuka mbio kumkimbiza mshambuliaji ili aokoe. Kwa hiyo bao likishaingia, aliye karibu zaidi na goli letu ni Kiberiti. Wifi akigeuka anamkuta yule mtoto wa watu kule nyuma, anahema. Anajumlisha: huyu hakupanda.

Amemchambua mbele ya timu nzima. Masikio ameyaacha saluni? Akisikia panda anangoja barua? Kiberiti, ambaye kwa kawaida huwaka ukimgusa tu, ameinamisha kichwa. Amesema samahani nahodha. Samahani ya nini, na yeye ndiye aliyepanda.

Na mimi nikanyamaza. Nimejiambia ni kwa leo tu.

Dereva akanisogelea. Ndiye msaidizi wangu, anaendesha lori la mitungi ya gesi, na mdomo wake hauna breki kama lori lake. Akaniuliza kama nimeona. Nimeona. Utafanyaje? Nikamwambia nitakunywa maji kwanza.

Baadaye akaja na shauri lake. Mwache Kiberiti, mbakize nahodha, hakuna atakayekulaumu. Kiberiti ni mdogo, ana misimu mingi mbele. Nikamjibu kwamba mshambuliaji wa daraja la juu hatamwuliza Wifi umri wala ukoo, atampita tu. Dereva akakuna kidevu. Akasema, wewe ndiye unayeishi naye.

Ndiyo. Mimi ndiye ninayeishi naye.


Jumatano, 5 Machi

Baba watoto nilimwambia jana usiku. Alikuwa anavua viatu, akabaki na kimoja mkononi. Akasema: fanya kazi yako, ila usije ukaniuliza niko upande gani, maana upande mmoja nilizaliwa nao na upande mwingine ndio ninaolala nao. Kisha akawasha redio.

Naye mdomo haukumtulia, kumbe alimpigia mama yake. Mama mkwe amenipigia saa ya chakula cha mchana. Salamu ndefu, watoto, kazi, mgongo wake. Halafu: mwanangu, huyo mwenzio hana mume, hana mtoto, ana mpira. Ukimnyang'anya mpira abaki na nini?

Nimesema nimekusikia mama. Nimekata simu kwa adabu zote. Lakini nimekasirika mpaka nimehesabu vibaya makopo ya bluu. Abaki na nini? Ana duka lake la udobi lenye mashine mbili na wateja wanaompigia magoti siku za harusi. Ana wanangu, ambao wakiota ndoto mbaya wanagonga mlango wake kabla ya wangu. Huyu si wa kuonewa huruma.

Ila ninajua pia kwamba kila Jumamosi anaamka kabla ya jogoo, anavaa soksi moja baada ya nyingine polepole, kama anafunga zawadi. Hilo ninalijua. Nimeliona miaka yote kupitia dirisha la jikoni.


Alhamisi, 6 Machi

Vizibo.

Kila msimu tunafanya hivi, mimi na yeye. Vizibo vya soda kwenye kopo la maziwa ya unga, kila kimoja na namba ya jezi kwa wino mweusi. Watoto wakishamaliza kula tunafuta meza, tunamwaga vizibo, tunavipanga kama uwanja: goli upande wa sukari, goli upande wa jiko. Anayeachwa, kizibo chake kinasukumwa kwa kidole mpaka ukingoni. Kikidondoka sakafuni basi, hakirudi mezani.

Ningeweza kumwambia mwaka huu nitavipanga peke yangu. Sikumwambia. Alikuja na kopo mkononi na kitambaa begani, akavuta kiti chake, ningesema nini?

Ana mkono mgumu huyu mwanamke. Kipa wa tatu akamsukuma bila kupepesa. Winga aliyeolewa mbali akamsukuma. Akafika namba kumi na nne, mwalimu wa chekechea, shoga yake wa miaka mingi, wanaazimana hata mikoba. Nikadhani hapo atasita. "Huyu anacheza vizuri sana akiwa hana mpira," akasema, na kidole kikaenda. Kizibo kikagonga sakafu. Nikacheka, sikuweza kujizuia. Naye akacheka. Kwa muda kidogo ilikuwa kama misimu yote iliyopita.

Bado mmoja, akasema.

Namba tano ilikuwa katikati pale pale, alikoiweka yeye mwenyewe, ya kwanza kabisa. Yeye huanza kupanga na yake.

Kidole kikatembea. Kikasimama kwenye namba mbili. Kiberiti. Hapandi, wifi, akasema, uliona mwenyewe Jumanne, anabaki nyuma kila saa. Mbio nyingi, masikio hana. Akaanza kusukuma.

Nikaweka mkono wangu juu ya kizibo.

Akaniangalia. Nikamwambia si Kiberiti anayebaki nyuma. Akauliza nani basi. Jina sikulitaja. Lakini sikuondoa mkono. Nikamwambia kesho mazoezini usiingie. Simama nje na mimi, kwenye mstari wa katikati. Piga panda kutoka hapo, na uangalie.

Akasema sawa, kocha. Nyumbani huwa haniiti kocha. Kocha ni la uwanjani. Mezani mimi ni wifi, siku zote.

Akakusanya vizibo kwenye kopo, vyote, hata vile vya sakafuni. Akaenda kulala bila chai.


Ijumaa, 7 Machi

Niandike kama ilivyokuwa, nisitie chumvi.

Niliweka washambuliaji watatu wenye mbio dhidi ya mabeki wanne. Nafasi ya Wifi nikampa yule mpole wa benchi, namba kumi na tisa, asiyejua hata kukaripia kuku. Dereva kibendera. Wifi kando yangu, jezi yake mwilini, mikono kiunoni.

Mpira wa kwanza. Wifi akapaza sauti: panda! Wakapanda. Wote wanne, kwa mara moja. Kibendera juu.

Mpira wa pili. Panda. Kibendera.

Wa tatu, wa nne. Nilimwambia Dereva abadilishe upande, wapige mipira mirefu, wapige mifupi. Mmoja ulipita kwa sababu kipa aliteleza. Iliyobaki yote kibendera. Kiberiti hakuchelewa hata mara moja. Yule mtoto anapanda kabla sauti haijafika mwisho.

Sikumtazama Wifi. Nilimsikia. Sauti ya panda ilianza kubwa. Kadiri tulivyoendelea ikapungua, ikapungua, mpaka ya mwisho aliisema kama mtu anayejisemea mwenyewe. Nao wakapanda hata hiyo.

"Wamepanda," akasema.

"Wamepanda."

Basi. Hayo tu. Akainama akafungua kamba za viatu, akavaa ndala, akaondoka kwa miguu kupitia nyuma ya goli. Wachezaji wakaniangalia mimi. Nikapiga filimbi, nikawaambia kona. Tumepiga kona mpaka giza lilipoanza kuingia, na sikumbuki hata moja.

Ningefurahi. Nilikuwa sahihi! Kwa nini basi nilikusanya koni moja moja, polepole, ili nisifike nyumbani mapema?


Jumamosi, 8 Machi

Leo ni siku ya kuzungukia nyumba.

Sheria ni ya Wifi mwenyewe. Zamani, kabla ya timu yetu, kuna timu ilimwacha kwa karatasi iliyobandikwa getini. Alijikuta anasoma majina huku watu wanamsoma yeye usoni. Alipoanzisha yetu akaweka sheria na hakuna aliyewahi kuivunja. Anayeachwa haambiwi kwa simu. Kocha anakwenda kwake, mchana kweupe, anasema kwa mdomo wake. Aliyeachwa si lazima ajibu kitu. Anarudisha jezi tu, imefuliwa, imekauka, imekunjwa. Jezi ikishashikwa na kocha, ndipo jina linatoka. Mpaka hapo yeye bado ni mchezaji.

Asubuhi nimemaliza watatu. Kipa wa tatu amelia, mama yake akanipa maji mimi badala ya kumpa yeye. Winga alikuwa ameshaifunga jezi kwenye mfuko tangu juzi, akaniuliza nimekawia wapi. Mwalimu wa chekechea akacheka, akaniambia kwamba mpira na yeye walishaachana zamani, walikuwa wanakaa pamoja kwa ajili ya watoto. Nilimkumbatia. Jezi yake inanukia sabuni ya unga na chaki.

Halafu nikarudi nyumbani. Nikapita sebuleni, baba watoto akajifanya amelala kwenye kochi, gazeti usoni limegeuzwa juu chini. Nikavuka ua. Nimevuka ule ua mara ngapi na sufuria, na mtoto mgongoni, na habari za watu. Leo ulikuwa mpana.

Nikabisha hodi. Yeye akasema karibu, hajawahi kunijibu karibu, huwa anasema ingia tu wewe.

Amekaa kitandani, mguu wa kushoto juu ya stuli. Jezi namba tano iko kwenye msumari nyuma yake. Kavu, safi, imenyooshwa.

Nikaanza kwa kuzunguka. Nikasema nina wazo, msaidizi wa pili, kocha wa mabeki, jana sauti yako peke yake ilitosha. Akaninyamazisha kwa kiganja. Akasema usinipe filimbi ya kunifutia machozi. Kama kazi hiyo ipo, itakuwepo hata mwezi ujao. Sema ulichokuja kusema. Sheria ni kusema.

Nikasema. "Wifi, msimu huu sitakuandika."

Nimelisema lote, kwa sauti, nikimwangalia. Sikuuma na kupuliza. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa naogopa sitaweza, na nimeweza.

Akatikisa kichwa, taratibu, mara mbili tatu. Akasema goti ni baridi tu. Nikaliangalia goti, pale juu ya stuli. Akasema, si baridi. Akafuta uso kwa kiganja, kutoka kipaji mpaka kidevu, kama anajinawa.

Nikanyoosha mkono kuelekea msumarini. Yeye akawahi. Akaiteremsha jezi, akachukua beseni chini ya kitanda, akatoka nayo uani, akafungua bomba, akaichovya. Yote, mpaka mikono.

"Ina doa," akasema. "Haitoki kwangu na doa. Ikikauka nitakuletea."


Jumapili, 9 Machi

Haijakauka.

Asubuhi ilikuwa kwenye kamba, inachuruzika. Nikasema vema, jua ni kali, saa tano itakuwa tayari. Saa tano nikatoka: iko kwenye beseni tena. Doa, akasema. Saa nane iko kwenye kamba, inachuruzika. Nikaenda kupika, nikarudi, kamba tupu. Yeye amechutama, anasugua mahali ambapo hapana kitu.

Dobi mzima! Mwanamke mwenye mashine ya kukausha blanketi la hoteli kabla hujamaliza kikombe cha chai, leo jezi moja nyepesi imemshinda. Mwanangu mkubwa akauliza: shangazi, hiyo jezi imefanya kosa gani? Baba yake akamshika mkono wakaenda kununua mkate. Mkate upo.

Hasira zilinipanda. Kisha zikashuka, zikaja zile nyingine. Nimelia nikiwa nimesimama kwenye sinki, maji yanatiririka. Si sana. Nampenda huyu mwanamke, ndiyo hivyo. Nampenda na sitamwandika.

Ningeweza kujaza fomu bila jezi. Kalamu ni yangu, saini ni yangu. Majina kumi na tisa yameshakaa, mstari wa ishirini mweupe. Na kesho nitaujaza, kukiwa na jezi au bila jezi, hilo nimeliamua na sirudi nyuma. Lakini jezi kwanza. Nikimwandika Kiberiti na ile ingali majini, nitakuwa nimembandika Wifi getini kwa mara ya pili.

Jioni akaja Kiberiti mwenyewe. Ametoka saluni, mikono bado ina mafuta. Hakukaa. Akasema kocha, nimesikia, mimi niache, mbakize nahodha, mimi nina misimu. Alikuwa amejipanga, maneno yalitoka kama ya mtu aliyeyakariri njia nzima. Nikamwambia timu siipangi kwa huruma, ya kwako wala ya mtu yeyote. Nikamwuliza unataka kucheza au hutaki? Akaangalia chini. Akasema, nataka, mpaka silali.

Wifi alikuwa kwenye beseni, amesikia yote. Akainuka, goti likalia, sote watatu tumelisikia. Akaja karibu.

"Juzi ulipanda," akamwambia.

"Ndiyo, nahodha."

"Na Jumanne?"

Kiberiti akanitazama. Sikumsaidia. Akajibu kwa sauti ndogo: na Jumanne.

"Mbona uliniomba samahani?"

Yule binti akajipangusa mafuta ya mikono kwenye sketi. Wifi akasimama pale, maji yanadondoka kwenye vidole vyake. Nikadhani atasema neno. Akageuka akarudi kwenye beseni. Ila hakusugua tena. Aliikamua. Ameikamua mara moja, kwa nguvu, akaitundika, akaingia ndani.

Nimekwenda kuigusa. Nzito bado.


Jumatatu, 10 Machi

Saa nne kasoro. Naandika uani, nimekaa kwenye ndoo niliyoipindua, fomu iko mapajani chini ya daftari hili. Kazini nimeomba ruhusa. Dereva yuko nje na lori, injini anaiwasha anaizima, anasema mitungi ya watu inasubiri na ofisi ya ligi haimsubiri mtu. Nimemwambia akipiga honi tena nitamwacha yeye badala ya mchezaji.

Kamba ni tupu. Nilipoamka nilikuta tupu nikashtuka, nikadhani beseni tena. Beseni limeegemezwa ukutani, kavu.

Yuko mlangoni kwake. Ametoa meza ya pasi nje, waya umepita dirishani. Jezi iko juu ya meza, kitambaa chepesi juu yake, maana jezi haitaki moto wa moja kwa moja. Hakunisalimia. Nami sikuharakisha salamu.

Amepiga pasi mikono. Amepiga kola. Kifua.

Kisha, bila kuinua kichwa: "Kocha."

Nikaitika.

"Yule mtoto kifua chake chembamba. Alivyo, hii ingempwaya. Pembeni hapa nimeingiza mshono kidogo, huku na huku. Akinenepa atafumua."

Nimeangalia. Kweli, pembeni kuna uzi mpya, mweupe zaidi kuliko ule wa zamani. Ameshona usiku au alfajiri, sijui. Kiberiti anavaa namba mbili, hakuna aliyesema atavaa tano. Mimi sikusema. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo, nikaufunga.

Nimemwambia ahsante, wifi. Akasema usinishukuru, sijakupa.

Ni kweli. Hajanipa.

Saa nne na nusu. Dereva amezima injini kabisa, amekuja kusimama getini, kofia mkononi. Baba watoto yuko dirishani, leo hana gazeti. Watoto wameambiwa wasitoke. Inasikika pasi tu, na goti lake anapohamisha uzito.

Amemaliza mgongo. Ameiinua, ameitazama tano kwenye mwanga. Ameikunja mara moja, mara mbili, mikono ndani, inavyotakiwa. Nimesimama. Nimevuka ua, nimenyoosha mikono yote miwili, kalamu nimeibana katikati ya vidole.

Ameniangalia. Ameikunjua. Ameitandika tena mezani, mgongo juu, ameweka kitambaa.

Nimerudi kwenye ndoo, ndipo naandika haya. Mstari wa ishirini bado mweupe. Pasi inapita juu ya tano polepole, inarudi, inapita. Jezi ni kavu kabisa, naiona kutoka hapa.